Kozi Iliyomfuata Mwanafunzi

Mwaka 1909 Chuo Kikuu cha Harvard kilipokea wavulana wawili waliowapa waandishi wa magazeti kazi ya kutosha. William James Sidis alikuwa na umri wa miaka 11 alipoandikishwa. Norbert Wiener alikuwa hajatimiza 15, lakini tayari alikuwa na shahada mkononi kutoka chuo cha Tufts, na Harvard alikuja kuendelea na masomo ya juu. Januari 1910 Sidis alisimama mbele ya klabu ya hisabati ya chuo akatoa mhadhara juu ya maumbo ya vipimo vinne, na maprofesa wakakaa kumsikiliza.

Wiener alipata udaktari wa falsafa akiwa na miaka 18, akawa profesa wa MIT na baba wa sibanetiki. Sidis alimaliza shahada akiwa na 16, kisha akatumia maisha yaliyobaki kuyakimbia macho ya watu. Alifanya kazi za ukarani, akihama moja kwenda nyingine, na burudani yake kubwa ilikuwa kukusanya tiketi za tramu. Mwaka 1937 jarida la The New Yorker lilimfukua huko alikojificha na kumwanika. Alilishtaki, akashindwa mahakamani mwaka 1940, akafariki mwaka 1944 akiwa na miaka 46.

Kati ya hao wawili, aliyeingia katika hofu za Wamarekani ni Sidis. Mwalimu mkuu aliyetaka kumkatalia mzazi ombi la mwanawe kurushwa darasa alikuwa na mfano tayari wa mtoto aliyekimbizwa akavunjika. Wiener hakufaa kwa hoja hiyo, basi akaachwa pembeni. Na kwa wakati ule kurushwa darasa ndiyo ilikuwa karibu dawa pekee. Mtoto aliyeyamaliza masomo ya darasa lake alihamishwa yeye, mwili na begi, akakae na waliomzidi kimo. Wazo la kumwacha alipo na kumletea somo lilikuwa bado halijapata mwenyewe.

Lilianza kuchipua mbali na Harvard, na halikuwalenga wenye vipawa hata kidogo. Benton Harbor, mji mdogo wa Michigan ulio kando ya ziwa, ulianza mwaka 1923 kuwapa wanafunzi wa sekondari masomo ya posta wakiwa ndani ya shule, saa za shule, chini ya msimamizi. Mwaka 1929 Chuo Kikuu cha Nebraska kiliingia kwenye kazi hiyo kwa nguvu zaidi. Shule za mashambani za jimbo hilo zilikuwa na walimu wachache wasioweza kufundisha kila kitu. Kwa posta, mwanafunzi aliweza kusoma somo ambalo hapakuwa na mtu wa kulifundisha kwa maili nyingi. Vitabu vilikuja kwa bahasha, majibu yakarudi kwa bahasha, na msimamizi kazi yake ilikuwa kuhakikisha kijana hasinzii. Kila kitu ambacho baadaye kitauzwa kama uvumbuzi wa mtandao kilikuwamo humo: somo linalosafiri, mwalimu asiyeonekana, kasi anayoichagua mwanafunzi, na hata tatizo la wanaoanza bila kumaliza.

Wakati huohuo wanasaikolojia walikuwa wanahangaika na swali jingine: mwenye kipawa ni nani? Mwaka 1921 Lewis Terman wa Stanford alianza kuwatafuta watoto wa California wenye alama za juu kabisa za IQ, akapata zaidi ya 1,500, akaanza kuwafuatilia maisha yao yote. Njia yake ilianza na walimu. Wao ndio waliopendekeza majina, kisha kipimo kikachuja. Wavulana wawili waliopimwa wakaachwa nje ya orodha walikuwa William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, Alvarez akaipata mwaka 1968. Katika ile orodha ndefu ya waliochaguliwa, hakuna hata mmoja aliyefika huko.

Vita vya Korea ndivyo vilivyoleta fedha. Mwaka 1951 mfuko wa elimu wa Ford Foundation ulianza kugharimia majaribio kadhaa, mojawapo likiwa kuwapeleka vyuoni wavulana wasiofika miaka 17 kabla jeshi halijawahitaji. Mengine mawili yaliangalia upande wa pili, yaani kozi ya chuo ishushwe sekondari. La kwanza lilifanywa na shule tatu za bweni za matajiri, Andover, Exeter na Lawrenceville, zikishirikiana na Harvard, Princeton na Yale. Waligundua jambo ambalo kila mwanafunzi wao alikuwa akilijua, kwamba kijana aliyetoka Exeter alifika Harvard akafundishwa mwaka mzima vitu alivyokwisha kuvisoma. La pili liliongozwa na Gordon Keith Chalmers, mkuu wa chuo kidogo cha Kenyon huko Ohio, aliyekusanya vyuo na shule ili kukubaliana juu ya mitihani ambayo mwanafunzi wa sekondari akiifaulu atahesabiwa amekwisha kusoma kozi ya mwaka wa kwanza.

Majaribio hayo yalizaa Advanced Placement, ambayo watu huiita AP. Shirika la mitihani la College Board liliuchukua mpango mwaka 1955, na Mei 1956 wanafunzi 1,229 kutoka shule 104 walifanya mitihani 2,199. Oktoba ya mwaka uliofuata Warusi walirusha Sputnik. Marekani ikaingiwa na kiwewe, na mwaka 1958 Rais Eisenhower akatia saini sheria iliyomwaga fedha za serikali kuu kwenye sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Kilichoanza kama tatizo la watoto wa bweni kuchoshwa na masomo ya kurudia sasa kikawa suala la ulinzi wa taifa.

Lakini AP ilimfaa kijana wa miaka 17. Mtoto wa miaka 12 aliyeimaliza aljebra peke yake chumbani kwake ilimpita mbali.

Mtoto wa namna hiyo alijitokeza Baltimore kiangazi cha mwaka 1968. Joseph Bates alikuwa amezidi sana wenzake wa shule katika hisabati, hadi wazazi wake wakamtafutia nafasi katika kozi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Huko nako aliwapita watu wazima aliokaa nao, na kwa kukosa la kufanya akawa anawafundisha wanafunzi wa shahada za juu lugha ya FORTRAN. Mwalimu wake, Doris Lidtke, alimpeleka kwa profesa wa saikolojia, Julian Stanley.

Stanley alikuwa mtu wa vipimo. Alizaliwa Georgia mwaka 1918, akafundisha sekondari kabla ya kuwa msomi, na jina lake lilikuwa linajulikana kwa maandishi aliyoyatoa pamoja na Donald Campbell juu ya jinsi ya kupanga majaribio ya kitafiti. Hakuwa na mradi wowote wa watoto wenye vipawa. Alifanya lile ambalo mtu wa vipimo angelifanya: alimpa Bates mitihani, na katika hiyo akaweka SAT, mtihani wa kuingilia chuo ambao hufanywa na vijana wa miaka 17 na 18. Bates alipata alama ambazo zingemwingiza Johns Hopkins bila maswali. Stanley akazunguka kutafuta shule ya sekondari itakayomruhusu mtoto huyo kusoma hisabati na sayansi za madarasa ya juu. Hakupata. Basi akamwendea mkuu wa kitivo, akambembeleza, na mwaka 1969 Bates akaanza chuo akiwa na miaka 13. Kivuli cha Sidis hakikuonekana: alipofikisha 17 alikuwa na shahada mbili, na baadaye akawa mtafiti wa akili unde katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon.

Kilichomvutia Stanley zaidi kilikuwa ule mtihani wenyewe. Mitihani ya darasa ni kama dari fupi. Mrefu na mrefu zaidi wote vichwa vinagonga palepale, na kwa anayetazama wanaonekana wako sawa. Watoto wawili wa darasa la saba wanaopata asilimia 98 katika mtihani wa darasa la saba wanaweza kuwa wametengana kwa miaka mitano ya hisabati. Ukiwapa mtihani uliotungwa kwa ajili ya wakubwa, tofauti inajitokeza mara moja. Mwaka 1971 alianzisha mradi wa kuwachunguza vijana wenye kipawa cha hisabati, unaojulikana kwa herufi SMPY, kwa fedha za Spencer Foundation. Mwaka 1972 aliwaita watoto wa Baltimore na vitongoji vyake, karibu 450 wa miaka 12 hadi 14, wafanye mtihani wa wakubwa. Wengi walipata alama ambazo wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari wangezitamani, katika masomo ambayo hakuna mtu aliyekuwa amewafundisha.

Kisha likaja swali la kuwafanyia nini. Hawangeweza wote kuingizwa Johns Hopkins. Mwalimu mmoja, Joseph Wolfson, akaanzisha darasa la Jumamosi, akaisukuma hisabati ya sekondari kwa kasi ambayo shule ya kawaida ingeiona wazimu, na kundi la watoto waliobaki naye likaimaliza miaka kadhaa ya masomo ndani ya muda mfupi tu zaidi ya mwaka. Jumatatu walirudi kwa wenzao wa rika lao. Mwaka 1979 kazi hii ilipewa ofisi yake chuoni, kituo kinachoitwa leo CTY, na kozi za kiangazi zikaanza mwaka 1980. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Duke kikafungua mpango wake, na cha Northwestern kikafuata. Waliopita CTY wakiwa watoto ni pamoja na Sergey Brin, Mark Zuckerberg na msichana wa New York ambaye dunia ilikuja kumjua kama Lady Gaga.

Msomaji wa Tanzania ataona mara moja tofauti na njia aliyoizoea. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na shule za Tabora hukusanya waliofaulu sana kutoka nchi nzima, lakini wakishafika wanasoma mtaala uleule, kwa miaka ileile minne, na kufanya mtihani uleule wa kidato cha nne. Mchujo unafanywa, kasi haiguswi. Stanley aliamini kwamba kasi ndiyo dawa yenyewe, na kwamba kumkusanya mtoto na werevu wenzake bila kumruhusu kwenda mbio ni kumpa kampani nzuri ya kuchoka nayo.

Kipimo chake pia kilimwingiza matatani. Desemba 1980 yeye na mwanafunzi wake Camilla Benbow walichapisha makala katika jarida la Science wakionyesha kuwa wavulana waliwazidi wasichana kwa mbali kwenye alama za juu za hisabati, na wakaegemea upande wa kudhani kwamba kuna sababu za kimaumbile. Magazeti yaliibeba habari hiyo kama hukumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kati ya watoto waliopata 700 na zaidi katika hisabati ya SAT kabla ya miaka 13, kulikuwa na wavulana 13 kwa kila msichana mmoja. Miongo miwili baadaye uwiano ulikuwa umeshuka hadi wavulana karibu wanne kwa msichana mmoja. Maumbile hayabadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni nani aliyekaa kwenye viti vya hisabati, na nani aliyehimizwa kuvikalia.

Upande wa pili wa nchi, mtu aliyewahi kuwa mtoto wa darasa la majaribio alikuwa akicheza na mashine. Patrick Suppes alizaliwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 aliwekwa kwenye kundi la wanafunzi hodari waliofundishwa kipekee mjini humo. Akiwa mwanafalsafa wa Stanford, yeye na Richard Atkinson waliingiza kompyuta kwenye shule ya msingi ya Brentwood, East Palo Alto, mwaka 1966. Muda mfupi baadaye watoto wa McComb, Mississippi, na Morehead, Kentucky, walikuwa wakifanya mazoezi ya hesabu kwenye mashine za kuchapa zilizounganishwa kwa laini za simu na kompyuta iliyoko California. Wengi wao walikuwa watoto wa kawaida kabisa, wengine maskini, na mashine ilikuja kuwapa mazoezi waliyoyakosa.

Miaka ya 1990 ilipoanza, teknolojia hiyohiyo iligeuzwa upande. Suppes na wenzake walitengeneza kozi ya kalkulasi kwa kompyuta na kuijaribu kwa vijana hodari wa shule za jirani ambazo hazikuwa na mwalimu wa somo hilo. Mpango huo, EPGY, ulituma kozi kwenye diski kwa posta, na mwanafunzi akazungumza na mwalimu kwa simu. Bahasha ya Nebraska ilikuwa imerudi, safari hii ikiwa na ada. Mwaka 2006 Stanford ilifungua shule kamili ya sekondari ya mtandaoni ikiwa na wanafunzi karibu 30. Leo wanakaribia elfu moja, wanakutana kwa video kutoka nchi mbalimbali, na ada ya mwanafunzi wa muda wote, kwa asiyepata msaada, inazidi dola 25,000 kwa mwaka.

Setilaiti zilikuwa zimepita katikati kwa muda mfupi. Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma kilianza kufundisha Kijerumani kwa televisheni kwenye shule za vijijini. Mtandao ulipofika, antena zikabaki zikishika kutu.

Mwaka 1997 ndio kozi za mtandaoni za sekondari zilipochanua. Florida ilifungua shule yake ya umma ya mtandaoni. Massachusetts ikaanza mpango wa shule kushirikiana, ambapo shule inayomtoa mwalimu mmoja afundishe mtandaoni inapata nafasi za wanafunzi wake katika kozi za wengine. Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, akaunda kampuni ya Apex Learning, na bidhaa yake ya mwanzo ilikuwa kozi za AP. Hayo yote yangebaki kuwa mambo ya wapenzi wa teknolojia kama si kesi iliyofunguliwa California miaka miwili baadaye.

Julai 1999 wanasheria wa shirika la haki za kiraia, ACLU, waliishtaki serikali ya jimbo kwa niaba ya wanafunzi wa Inglewood High School, shule ya eneo la Los Angeles ambayo wanafunzi wake karibu wote walikuwa Weusi na wa asili ya Kilatini. Hoja yao ilikuwa rahisi kuelewa. Inglewood ilikuwa na kozi tatu za AP, na kati ya hizo hapakuwa na ya hisabati wala sayansi. Beverly Hills High School, isiyo mbali kwa gari, ilikuwa nazo 14. Chuo Kikuu cha California kilimwongezea mwombaji pointi kwa kila kozi ya AP. Kwa hiyo kijana wa Inglewood aliyepata A katika kila somo lililokuwapo shuleni kwake bado aliingia kwenye foleni akiwa nyuma ya mwenzake wa Beverly Hills, kwa kosa la kuishi alikoishi.

Ilikuwa zamu ya mtandao kuitwa kuwa jibu. Chuo Kikuu cha California kilianzisha mpango wa kutoa AP mtandaoni kwa shule zisizokuwa nazo, na bunge la jimbo likatenga fedha za kuzisaidia shule kuanzisha zake. Kuanzia hapo kozi ya juu mtandaoni ilipata kazi mbili zisizofanana: kumwendesha haraka mtoto anayechoka, na kuziba pengo la shule isiyo na mwalimu. Mara nyingi zimechanganywa kana kwamba ni moja. Lakini anayechoka anahitaji kuachwa aende, na aliyenyimwa mwalimu anahitaji mtu wa kumshika mkono pale somo linapokuwa gumu. Kozi ya mtandaoni ni hodari kwa la kwanza. Kwa la pili inategemea nani amekaa karibu na mwanafunzi.

Kuna kejeli katika yaliyofuata. AP ilizidi kutanuka hadi mitihani ya mwaka mmoja ikahesabiwa kwa mamilioni, na kadiri ilivyotanuka ndivyo wakubwa walivyoichoka. Chuo cha Dartmouth kiliacha kuhesabu AP kama kozi iliyokwisha kusomwa, kuanzia wanafunzi wa kuhitimu mwaka 2018. Juni 2018 shule nane za binafsi za eneo la Washington, Sidwell Friends na St. Albans zikiwamo, zilitangaza kuiacha kabisa, zikisema walimu wao wanaweza kutunga kozi bora zaidi. Mpango uliobuniwa kwa ajili ya shule za aina hiyo sasa ulikuwa mali ya shule za aina ya Inglewood.

Mfano unaopendwa sana na watetezi wa kozi za mtandaoni unatoka Mongolia. Mwaka 2012 MIT ilitoa bure mtandaoni kozi yake ya saketi na elektroniki. Watu wapatao 155,000 walijiandikisha, zaidi kidogo ya 7,000 wakafaulu, na 340 wakapata alama zote. Mmoja wa hao 340 alikuwa Battushig Myanganbayar, kijana wa miaka 15 wa Ulaanbaatar, na MIT ikamchukua. Habari hii husimuliwa kana kwamba kijana na kompyuta walikutana jangwani wakamalizana. Ukweli ni kwamba mkuu wa shule yake alikuwa Mmongolia wa kwanza kuhitimu MIT. Ndiye aliyeipeleka kozi hiyo shuleni, akawakusanya wanafunzi waisome pamoja, na akampata kijana kutoka Stanford aje na vifaa vya maabara na kuwaongoza.

Lidtke na Bates, mkuu wa shule na Battushig: kila mara yupo mtu mzima aliyeona. Ndiyo maana utafiti wenye uzito zaidi wa miaka ya karibuni hauhusu kozi wala mtandao. Wilaya ya elimu ya Broward, Florida, moja ya kubwa zaidi Marekani, ilikuwa na utaratibu wa kawaida: mtoto alipelekwa kupimwa IQ iwapo mwalimu au mzazi wake amependekeza, na wazazi wenye uwezo waliweza kumlipa mwanasaikolojia binafsi. Mwaka 2005 wilaya ikaamua kumpa kila mtoto wa darasa la pili kipimo kifupi kisichotegemea lugha, bila kusubiri pendekezo la mtu. Wachumi David Card na Laura Giuliano walipopitia takwimu baadaye, walikuta idadi ya watoto Weusi na wa asili ya Kilatini waliotambuliwa kuwa na vipawa iliongezeka karibu mara tatu. Kiwango cha IQ kilichotakiwa hakikushushwa. Watoto walikuwapo siku zote, hawakuwa wamependekezwa tu. Kisha mdororo wa uchumi ukabana bajeti, wilaya ikasimamisha upimaji huo wa wote, na idadi ya watoto hao ikarudi karibu na pale ilipokuwa.